Sabufa ya Mzee Timazi

Baba yangu ana wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimemsingizia huko mbele. Si wivu wa kupiga watu wala kuvunja vyombo. Ni wivu wa kununa, wa kuacha chai ipoe makusudi, wa kuuliza swali lile lile kwa njia tofauti huku akijifanya anatafuta miwani. Na wivu wote huo, tangu nipate akili, umeelekezwa kwa mtu mmoja tu: fundi wa runinga wa mtaani kwetu, anayeitwa Antena.

Baba mwenyewe ni fundi lipu. Watu humwita Mzee Timazi, kwa sababu ya ule uzi wenye chuma chini ambao mafundi huuning'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Hakosi nao mfukoni, hata akialikwa harusini. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakaa atakuwa ameshaupapasa ukuta wako kwa kiganja na kukuhurumia kimoyomoyo. Nyumba tunayokaa ameipiga lipu mwenyewe, chumba baada ya chumba, kila alipobakiza saruji kidogo ya kazi. Viti vya sebuleni kwetu vimechoka, lakini kuta zake ni laini kiasi kwamba hata mjusi hupita kwa uangalifu.

Huyo Antena alipata jina lake enzi zile za kupanda juu ya mapaa kugeuza antena, huku mtu akipiga kelele kutoka ndani, "Hapo hapo! Aa, umepitiliza!" Ni mrefu, mpole, alifiwa na mkewe zamani, na ana duka dogo pale kona, limejaa runinga zilizofunguliwa matumbo. Kosa lake ni moja. Kabla baba hajajitokeza, alileta posa kwa mama. Mama akamkataa, akaolewa na baba, wakatuzaa sisi. Mtu mwingine angejihesabu mshindi akalala usingizi wake. Baba si mtu mwingine. Sisi watoto tulikatazwa kumwita Antena mjomba. Tulitakiwa tumwite "fundi", basi, tena kwa kifupi.

Mambo yalianza pale kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi mbali, alipotuletea runinga janja. Baba aliipokea kwa furaha kwa sababu ilikuwa ya kutundikwa ukutani, na ukuta ni wake. Alinunua kishikio cha chuma, akapima, akapima tena, akachimba mfereji wa nyaya na kuufukia kwa lipu mpaka huoni hata alama. Wageni waliitazama runinga. Baba aliwaonyesha ukuta.

Mama ndiye hakufurahi. Alikuwa amestaafu kwenye mashine ya kusaga, alikosimama maisha yake yote kando ya mngurumo, na furaha yake ya uzeeni ni tamthilia ya jioni, ile ya mama mwenye hoteli na mabinti zake wagomvi. Alikaa mbele ya runinga mpya akainama, akasogeza kiti, akaongeza sauti mpaka sisi tukatoka nje, kisha akasema, "Picha nzuri, lakini hawa watu wanatafuna maneno." Tulijua masikio yake yamechoka kidogo. Kidogo, ndivyo tulivyokuwa tukisema, maana mama alikuwa anamjibu kila anayezungumza naye.

Haukupita muda, jioni moja, muda wa tamthilia ulipokaribia, akajitanda mtandio wake akatoka.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Kwa Antena. Kule nasikia."

Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Ikawa ndiyo desturi: jua likianza kupoa, mama anatoka, anarudi tamthilia ikiisha, amechangamka, anatusimulia nani kamsaliti nani. Baba alikuwa anakaa peke yake mbele ya runinga yake kubwa, iliyonyooka hata Mungu akiitazama hataona kasoro, ameizima. Hakutaka kingine duniani isipokuwa mkewe akae nyumbani saa ile ya tamthilia. Aliniambia hivyo waziwazi, akiwa amenisimamia kwenye cherehani yangu barazani. Mimi nashona nguo za watu, na baba akiwa na neno zito huja kulisema kama vile anakagua pindo.

"Ana nini huyo ambacho mimi sina?" akaniuliza.

"Mama anasema ana hedifoni. Zile zisizo na waya. Anasema Antena amemwambia nasi tununue..."

Nilikosea. Neno lolote linaloanza na "Antena amemwambia" humfika baba likiwa limeshaoza.

"Hedifoni ni za vijana wa kutingisha vichwa," akasema. "Mke wangu hatazibwa masikio na mtu. Nitaleta vyombo humu ndani mpaka huyo fundi wako aje kukata tiketi."

"Fundi wangu?"

"Vaa viatu, twende mjini."

Basi tukaenda kwenye duka la vyombo vya umeme, lenye spika zimepangwa ukutani kuanzia sakafuni hadi darini. Aliyetuhudumia alikuwa dada mmoja mchangamfu mwenye kucha ndefu, na kwa haki ya Mungu alijua kazi yake. Aliuliza chumba kina ukubwa gani, ni nani hasa anaangalia, anapenda kuangalia nini, na runinga ina matundu gani nyuma. Baba akamjibu kwamba ukuta ni wa tofali za kuchoma na lipu yake ni laini.

Dada akatushushia spika moja ndefu, nyembamba, ya kulaza chini ya runinga. Akasema hii ina kitufe cha kupandisha sauti za watu peke yake, muziki na makelele yakabaki nyuma. Kwa mtu wa tamthilia, akasema, humpi kitu bora kuliko hiki. Nikamwona mama kabisa, ameketi anasikiliza. Nikashika mkoba.

Baba akakunja kidole akaigonga. Ko, ko.

"Hii ina utupu," akasema.

"Samahani, mzee?"

"Ndani hamna kitu. Lipu ikilia hivi mimi naibandua yote."

"Mzee, spika lazima iwe na nafasi ndani. Ndiyo inayotoa sauti."

Baba akamtazama kwa huruma, kama anavyotazama kuta za watu. Akaanza kupita rafu kwa rafu anagonga: hii utupu, hii utupu, hii wamelipua kazi. Wateja wengine walituachia njia. Mimi nilijifanya nasoma bei za majokofu. Mwisho akafika pembeni, kwenye sabufa moja nyeusi, nzito, ya mbao nene, akaigonga ikanyamaza. Akajaribu kuinyanyua ikamshinda. Uso wake ukang'aa.

"Hii imeshiba," akasema.

"Baba, hiyo ni ya besi. Mama anataka maneno."

"Maneno yatakuwa humo humo."

Yule dada, Mungu amzidishie, alijaribu mara ya mwisho. Akasema kwa adabu kwamba kama masikio ya mama ni mazito kidogo, zipo hedifoni nzuri, laini, hazibani. Baba akamkaribia, akapunguza sauti.

"Nani amekutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Unamfahamu fundi mmoja mrefu?"

Tukabeba sabufa.

Jioni ile mama alizuiwa mlangoni kwa heshima zote, akakalishwa kiti cha mbele. Tamthilia ikaanza. Binti wa kwanza wa hoteli alipofunga mlango kwa hasira, vikombe kabatini vilihama. Muziki wa huzuni ulipoingia, nilihisi meno yangu yanacheza. Mama aliinuka mara mbili kwenda kufungua mlango akidhani kuna mtu anagonga. Jirani tunayepakana naye ukuta alikuja kuuliza kwa upole kama tunabomoa. Baba alichukia kuliko kama ametukanwa. "Mimi?" akasema. "Nibomoe?"

Mama akamshukuru baba kwa zawadi, akajitanda, akaenda kwa Antena kuwahi nusu iliyobaki.

Hapo ndipo wivu ulipomkolea. Alirudi mjini, safari hii bila mimi. Akaleta taa za utepe za kubandika nyuma ya runinga, zinazobadilika rangi. Akaleta rimoti ya kuelekeza hewani, ambayo mshale kwenye kioo huufuata mkono. Akaleta meza ya chini ya kioo ya kuwekea king'amuzi, na mito mipya ya viti. Kila kitu alikichagua kwa kukigonga au kukipima unyoofu. Sebule ikapendeza, siwezi kumnyima haki yake. Majirani walikuja kuchungulia, akina mama wakawageukia waume zao kwa macho ya kudai.

Mama akaingia, akasimama katikati, mwanga wa buluu umemwagikia usoni. "Pamependeza," akasema kwa dhati. Kisha akaangalia saa, akachukua mtandio.

Baba alibaki amesimama na rimoti mpya mkononi, hajui aielekeze wapi. Iliniuma sana. Nami nikamchukia Antena, bila yeye kunikosea lolote, maana wivu kwetu ni wa kurithi. Nina rafiki niliyemnunia mwezi mzima kwa kupeleka kitambaa chake kwa fundi mwingine.

"Twende," baba akasema.

"Wapi?"

"Nimeishiwa fyuzi."

Tulimfuata mama kwa mbali, baba akitembea kando ya kuta za watu kana kwamba hajui kuwa mtaa mzima unamfahamu. Duka la Antena liko wazi mbele. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, hedifoni za kijivu masikioni, mbele yake runinga ndogo ya zamani. Alikuwa anacheka. Alikuwa anamgombeza binti wa hoteli kwa sauti kubwa, "Usimwamini huyo, mpumbavu wee!", kama anavyosema kila kitu kwa sauti kubwa, mazoea ya mashineni. Antena alikuwa upande wa pili wa meza anachomelea waya.

Kisha Antena akaweka chini kifaa chake, akazunguka meza, akainama mbele ya mama. Hakumgusa. Alisubiri tu. Mama akainua macho, akavua hedifoni, wakatazamana, na Antena akasema neno taratibu, kama mtu anayelionja kwanza. Alikuwa anamuuliza kama anataka chai. Lakini baba hakusikia chai. Aliona macho.

Akaingia dukani.

"Unamtazamaje mke wangu hivyo?"

Antena akajinyoosha. "Karibu, Timazi. Nimemtazama vipi?"

"Hivyo! Usoni! Unasubiri mpaka naye akutazame!"

"Nisipomtazama atasikiaje?"

"Ana masikio!"

Antena akatutazama sisi wawili, kwanza baba, kisha mimi, na nikaona uso wake unabadilika. Akamgeukia mama, akamwambia polepole, "Kwani hawajui?"

Mama akaziweka hedifoni mapajani, akazifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mzee, mimi sisikii," akasema. "Hizi zikipandishwa mpaka mwisho, napata. Bila hizi naona midomo tu."

Baba akageuza uso pembeni, kwenye rafu za waya, akanong'ona kitu.

"Geuka huku. Sijaona ulichosema."

Akageuka. "Tangu lini?"

"Yalianza kupungua watoto wakiwa wadogo, bado niko mashineni. Nilikwambia. Ulikuwa unapiga lipu barazani. Ukasema sawa, tutaangalia kesho."

Antena, kwa kutaka kusaidia, akaharibu zaidi. Alieleza kwamba mama alimletea redio atengeneze, akaifungua, akaikagua, redio haina ubovu wowote, ndipo akaelewa. Nilimwona baba anavyolipokea hilo. Kwamba mkewe hasikii, lilimuumiza. Kwamba Antena alitangulia kujua, hilo lilimchoma hasa.

"Lakini mbona mimi nikisema unanijibu?" akauliza. "Kila siku tunazungumza."

"Wewe unazungumza umegeukia ukuta," mama akasema. "Kazini umegeukia ukuta, nyumbani umegeukia ukuta. Naona mgongo unatikisika, najua unasema. Mgongo ukitulia najua umemaliza. Nakujibu: kweli kabisa."

"Kila mara?"

"Unapenda kukubaliwa."

Antena alikohoa, akainama chini ya meza kutafuta kitu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nami nilitamani kucheka na kulia, sikupata nafasi ya lolote kati ya hayo. Nilikuwa nahesabu moyoni mambo niliyomwambia mama akiwa jikoni na mimi niko mlangoni nyuma yake.

Hatimaye baba akamuuliza Antena swali, na najua lilimpasua kifua kutoka: hedifoni za namna ile zinaungwaje kwenye runinga yetu?

Antena akamwambia asiziunge moja kwa moja, kwa sababu runinga kama ile ikizipata hunyamaza kwa watu wengine wote. Kuna kidude kidogo cha kusambaza sauti, kinachomekwa kwenye tundu la nyuma. Mama atasikia kwenye hedifoni, nasi tutasikia kwenye spika, wote kwa wakati mmoja. "Ninacho hapa," akasema.

"Nitanunua mjini," baba akasema.

"Nunua popote, Timazi."

Akanunua mjini. Yule dada wa kucha ndefu alipomwona alirudi nyuma kidogo, lakini safari hii baba hakugonga kitu. Alizivaa hedifoni mwenyewe, moja baada ya nyingine, akakaa nazo kimya katikati ya duka, akauliza ipi ni laini zaidi kwa mtu mzima. Nyumbani aliishusha runinga, akakichomeka kile kidude, akalazimika kuubandua kidogo ukuta wake ili waya upite. Hakulalamika.

Jioni hiyo mama hakutoka. Alikaa kwenye kiti chake na mito mipya, hedifoni kichwani, sabufa imezimwa pembeni kama mgeni aliyeambiwa akae kimya. Tamthilia ikaenda, mama akacheka, akamgombeza binti wa pili. Mimi nilikuwa sakafuni napima kitambaa. Baba hakuangalia runinga hata dakika moja. Alikuwa anamwangalia mama.

Matangazo yalipoingia alichukua kigoda, akakiweka katikati ya mama na runinga, akaketi amemwelekea. Mama akavua hedifoni.

"Nini tena?"

"Mwaka ule watoto bado wadogo, napiga lipu chumbani kwetu," baba akasema, midomo yake ikitembea taratibu, "uliniletea maji. Ukasimama mlangoni. Nilikuuliza kitu."

"Uliniuliza nini?"

Baba akanitupia jicho. "Wewe, huna kazi nje?"

"Mwanga wa nje hautoshi," nikasema, nikaendelea kupima kitambaa nilichokuwa nimeshakipima.

Akaniacha. Akamrudia mama.

"Nilikuuliza kama ungeolewa na Antena, ungekuwa na raha zaidi kuliko kwangu."

"Nikakujibu nini?" mama akauliza, ingawa alishajua, na mimi nilishajua.

"Kweli kabisa."

Mkasi ulinitoka mkononi. Chai zote zilizopoa, miwani yote iliyotafutwa, yale "fundi, basi" ya utotoni kwetu, yote nikayaona mahali yalikotoka. Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Alianza kama anacheka, mabega yakamcheza, halafu macho yakajaa.

"Na umekaa nalo muda wote huo?"

"Ningelipeleka wapi?"

Mama akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamweka sawa kwenye mwanga, kama ninavyoweka mimi kola ya shati kabla ya kuishona.

"Uliza tena."

Akauliza tena, neno kwa neno. Mama alimtazama midomo mpaka swali likaisha.

"Hapana," akasema.

Mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani. Ile hapana iligonga kuta zote nne. Nyuma ya baba tamthilia ilikuwa imerudi, binti wa hoteli analia, na mama hata hakujaribu kuchungulia.

Baba akainuka. Akaenda kwenye dirisha linaloelekea dukani kwa Antena, akasukuma vioo vyote viwili mpaka mwisho, akarudi akasimama mbele ya mama, uso kwa uso.

"Rudia," akamwambia.